Bi Nives Scardovi na Uso Usiokuwepo

Jumamosi hii, tarehe 31 Oktoba 2015, Bi Nives Scardovi anafunga mlango wa karakana ya picha ya makumbusho yetu ya Pievefonda baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Alikuja akiwa msichana mwenye masanduku mawili, moja la nguo na moja la brashi, akaambiwa kazi ni ya muda tu, hadi paa lizibwe. Paa limezibwa mara nne tangu hapo, na yeye hajaondoka.

Mkurugenzi wetu mpya, Bi Elettra Zoli, ameniomba mimi niandike maneno haya kwa jarida la Marafiki wa Makumbusho. Anasema ndimi niliyekunywa kahawa na Bi Nives kuliko mtu yeyote. Hilo ni kweli. Mimi ni mlinzi wa vyumba vya juu, shule sikwenda mbali, na kalamu nimezoea kuishika ninaponakili sala za novena, zile za siku tisa, kwa ajili ya akina mama wa parokia. Nilijikaza, nikaandika kurasa nzuri zilizojaa maua, nikampelekea azisome kwanza. Alizisoma amesimama, miwani imeteremka puani, kisha akanirudishia.

"Domenica," akasema, "umeandika habari za mtu mzuri sana. Mimi simfahamu."

"Nimekosea wapi, Bi Nives?"

"Mfalme yuko wapi?"

Nilikuwa nimemruka mfalme kwa makusudi, nikidhani ndiyo heshima. Akaniambia kwamba mfalme asipoandikwa, basi na yeye asiandikwe, tuchapishe picha ya paka wa bustanini. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mfalme ataandikwa. Lakini mniruhusu nianze na yanayochekesha, kwa sababu ya mfalme hayachekeshi.

Bi Nives ni binti wa fundi viatu kutoka bondeni, na husema alirithi kazi ya baba yake bila kuhama: watu humletea vitu vilivyochakaa na kutaka virudi kama vilivyokuwa, haraka. Ufundi wa kutengeneza picha za kale aliusomea Roma. Alipofika hapa, picha zetu nyingi zilikuwa nyeusi kama masizi ya jikoni. Picha za Njia ya Msalaba mnazosali mbele yake kila Kwaresima, ni yeye aliyezirudishia rangi. Mafuriko yalipoingia stoo, ni yeye aliyezitoa picha majini, maji yamemfika kiunoni, akizibeba kichwani moja moja na kuzisemesha kama watoto wanaoogopa.

Kwa msioijua kazi hii, hakuna dawa inayoondoa moshi wa mishumaa kwa upole kama mate ya binadamu. Fundi huviringa pamba kwenye kijiti, huilowesha mdomoni, kisha huizungusha juu ya picha taratibu, kijiti baada ya kijiti. Padre Tarcisio, Mungu amrehemu, hakuwa ameambiwa. Aliingia karakanani siku moja akamkuta Bi Nives yuko usoni pa mtakatifu msimamizi wa parokia.

"Nives, unamtemea mate Mtakatifu Agata?"

"Simtemei, Padre. Namwosha kama paka anavyomwosha mwanawe."

"Na jana umekula nini?"

"Supu. Siku nikiwa na watakatifu sigusi vitunguu saumu."

Padre alifikiri sana, akasema basi aendelee, ila aanzie miguuni.

Tena kuna siku ya gundi. Gundi ya kushikizia turubai huchemshwa kwa ngozi za sungura, na siku hiyo jiko la karakana lilikuwa bovu, akaichemshia kwenye jiko letu la wafanyakazi. Dokta Ermete Fusaroli, mkurugenzi wa wakati ule, alipita, akanusa, akafunua sufuria, akachovya mkate. Alitafuna hadi mwisho kama muungwana, kisha akasema imepungua chumvi.

Haya. Sasa mfalme.

Picha ya bwaloni mnaijua. Ni turubai kubwa la rangi ya mafuta, limechorwa na Gaudenzio Tarabelli mwaka 1768 kwa ajili ya ukuta ule ule lilipo leo, wakati nyumba hii ilipokuwa ya watawa na wao wakila chini yake kimya. Ni kisa cha Wagiriki wa kale. Majeshi yamekwama pwani, upepo hauvumi, na kuhani amesema miungu haitaachia upepo mpaka ipewe Ifigenia, binti wa mfalme Agamemnoni. Binti yumo katikati, amepigishwa magoti mbele ya madhabahu. Kuhani ameshika kisu. Askari wanatazama juu kama wakulima wanaongoja mvua. Na pembeni kulia amesimama baba mtu, mfalme, amejifunika kichwa na uso kwa joho la kijivu, huoni hata kidevu.

Wenyeji wa Pievefonda tulikuwa na maelezo yetu juu ya joho hilo. Tuliambiwa kwamba Tarabelli alimchora mfalme kwa sura ya kabaila wa hapa, Lodovico Bentaccoli, aliyemtia binti yake utawani kwa nguvu ili mashamba yasigawanywe. Kabaila alipoiona sura yake mbele ya watawa wote, binti yake akiwemo, alimlipa mchoraji mwingine aje usiku kumfunika. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, wala hakuna aliyeuhitaji. Na ukoo huo haukusamehewa. Bibi Ottavia Bentaccoli, wa mwisho wa jina hilo, mwanamke mpole anayefuga nyuki, akipita mbele ya mkahawa wa Primo Zattini siku ya soko, wanaume waliokuwa mezani walikuwa wakijifunika leso usoni. Hawakusema neno, walijifunika tu. Watu walicheka hivyo kizazi baada ya kizazi, na jambo likirudiwa sana mtu haoni tena kama ni dhambi.

Mwaka 1991 picha ilishushwa ili isafishwe. Bwalo lilikuwa linafunguliwa upya siku ya Mtakatifu Yohane, mwishoni mwa Juni, wageni wa mkoa wamealikwa, na Dokta Fusaroli aliutaka uso. Mji mzima uliutaka uso. Bi Nives alikuwa hawezi kunywa kahawa yake kwa amani pale kwa Primo.

"Mfunue huyo mwizi, Nives, tuione pua," Primo alimwambia mbele yangu. "Pua ya Bentaccoli inajulikana. Ukiiona moja umeziona zote."

"Kama ipo, Primo."

"Ipo. Babu yangu alisema ipo."

"Babu yako aliiona?"

"Babu yangu alikuwa hana haja ya kuona."

Watu wakacheka, naye akacheka. Ninaandika hivyo kwa sababu yeye mwenyewe amesema niandike: alicheka, na alikuwa ameanza kuutaka uso kama wao.

Sasa sikilizeni jambo linalomuuma mpaka leo. Mtu yeyote aliyesomea kazi hii anajua kwamba wachoraji tangu zama za Wagiriki wenyewe humfunika uso baba huyu. Huzuni yake hupita uwezo wa brashi, na aibu yake pia, kwa hiyo humfunika na kumwachia mtazamaji. Ni desturi. Bi Nives alifundishwa hilo akiwa na miaka kumi na tisa, na siku ya mtihani alilijibu vizuri. Fundi asiyejua akikosea watu humhurumia, lakini yeye alijua, akajiaminisha kwamba picha ya mji wetu ni tofauti na picha za dunia nzima, kwa sababu tulimwambia hivyo na kwa sababu alitupenda.

Hakukurupuka. Alipima. Aliona joho limepakwa nene kuliko sehemu nyingine, na limepakwa mwisho, rangi za pembeni zikiwa zimekwisha kukauka. Hilo lilimwonyesha kwamba huenda ni mkono mwingine. Akafungua kijidirisha, yaani akafuta rangi kidogo pembeni mwa joho, kadiri ya stempu ya barua, akaona chini yake wekundu wa hudhurungi, wa joto, kama shavu la mtu aliyeshinda juani. Akamwita Dokta Fusaroli, naye akamwita meya. Wote wakaliona shavu.

"Ngozi," akasema meya.

"Ngozi ya kabaila," akasema Dokta Fusaroli. "Endelea, Nives. Mkoa mzima utakuja."

Ilikuwa wiki ile kabla ya Pasaka ambapo kanisani tunafunika misalaba na sanamu kwa vitambaa vya zambarau. Mimi nilikuwa nikitoka asubuhi kumsaidia Padre Tarcisio kufunika, ninakuja kazini ninamkuta Bi Nives anafunua. Nilijiambia ni bahati mbaya ya kalenda. Sikuwa na elimu ya kusema zaidi ya hapo.

Alianzia pembeni akaelekea katikati, kijiti kwa kijiti. Wekundu ukaendelea. Alitafuta ukingo wa taya, hakuukuta. Akatafuta jicho. Alhamisi mchana aliniita nimletee taa nyingine, na Dokta Fusaroli akaja nyuma yangu. Joho lote la kichwani lilikuwa limeondoka. Juu ya mabega ya mfalme palikuwa na doa kubwa jekundu la hudhurungi, sawasawa, lisilo na kitu. Si ngozi. Ilikuwa rangi ya msingi, ile ambayo mchoraji huipaka turubai zima kabla hajaanza kazi. Tarabelli hakuwahi kuchora uso pale. Aliacha mahali pa kichwa patupu mpaka picha yote ikaisha, kisha akapafunika yeye mwenyewe kwa joho, kwa mkono wake, na lile joho sasa lilikuwa kwenye ndoo ya taka, ndani ya pamba.

Dokta Fusaroli alisogea. "Endelea kidogo. Labda uso uko chini zaidi."

"Chini zaidi ni turubai, Dokta," akasema Bi Nives. "Na chini ya turubai ni ukuta."

Tuliokuwa pale tulitazama viatu vyetu. Yeye alivua aproni, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka juu ya kiti, halafu akaonekana hajui aende wapi. Akatoka kwa mlango wa bustani. Kwa majuma mengi hakutumia tena mlango wa mbele.

Siku zilizofuata alifanya jambo ambalo Dokta Fusaroli alimwomba kwa machozi, na siwezi kumlaumu mzee yule, alikuwa anaogopa. Picha za kamera zilizopigwa kabla ya kusafisha zilikuwepo, na rangi ya joho inajulikana. Alilirudisha. Alilichora joho upya kwa rangi za maji na vanishi, mkunjo kwa mkunjo, hata nyufa alizitia, nyufa za miaka mia mbili, kwa brashi yenye unywele mmoja. Lilikuwa lilelile. Mimi ninayelipita kila siku nilisimama mbele yake nikashindwa kujua. Dokta Fusaroli alimbusu mashavu yote mawili.

"Nives, umetuokoa. Hatutalizungumza tena."

Naye hakulizungumza, mpaka siku Primo alipoleta kahawa.

Primo Zattini alikuwa na tabia ya kuleta mwenyewe kahawa ya saa nne, kwenye sinia lenye kifuniko, apate kuchungulia. Siku hiyo picha ilikuwa imekwisha kupandishwa ukutani. Tulimwambia tu kwamba uso haukupatikana. Aliweka sinia kwenye kiti, akatazama juu, na yule mtu mwenye ulimi kama wembe akavua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia isipokuwa mazikoni.

"Huyu mchoraji alikuwa na binti," akasema. "Mtu asiye na binti hawezi kukunja kitambaa namna hii."

Primo alikuwa na binti, Fiorenza, ambaye baba alimfukuza nyumbani kwa sababu ya mwanamume ambaye binti alimchagua. Mji mzima ulijua na hakuna aliyethubutu kumtajia.

"Angalia pale, Nives," akasema, "pale shavuni, kitambaa kinavyovutwa kwa ndani. Anapumua. Anataka kusema na hawezi. Nimekuwa nikimcheka huyu mtu maisha yangu yote."

Bi Nives alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake na kikombe mkononi. Alikuwa mwekundu hadi shingoni, kama mtu anayesifiwa harusini kwa nguo ya kuiba. Ule mkunjo wa shavuni ulikuwa wake. Primo alikuwa akimfungulia moyo marehemu Tarabelli, na aliyekuwa akipokea ni mtu mwingine aliyejificha nyuma ya jina la marehemu. Kahawa hakuinywa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta juu ya ngazi, na joho limefutika nusu.

"Bi Nives, unafanya nini?"

"Nalitoa langu."

Wale walioshuhudia ugomvi uliofuata watakumbuka kwamba ulisikika mpaka barabarani. Dokta Fusaroli alisema siku ya Mtakatifu Yohane imebaki wiki mbili. Bi Nives akasema zinatosha. Atajaza pengo kwa ile njia waliyofundishwa Roma, ya mistari midogo iliyosimama wima, myembamba kama uzi, rangi kando ya rangi. Ukiwa mbali jicho huiunganisha na kuona joho. Ukikaribia, unaona mistari, unajua kwamba mtu wa leo amepita pale na mchoraji hayupo.

"Na watu watauliza kwa nini," akasema mkurugenzi.

"Wataambiwa."

"Tutaandika kwamba ni uchakavu wa miaka. Ni neno la heshima, kila makumbusho hulitumia."

"Miaka haikufanya kitu, Dokta. Miaka ilimtunza. Ni mimi."

"Ofisi ya mkoa itakunyang'anya kibali. Hutagusa tena picha kubwa. Umefikiri hilo? Una miaka mingapi, arobaini haijafika. Na mimi utaniaibisha mbele ya watu wote."

"Wewe hutaaibika. Utakuwa umesimama karibu tu."

Mimi ni mtu wa kanisa, na aibu ninaijua kwa njia ya kanisa. Tunakwenda kitubioni, kuna kimia, ule wavu kati yako na padre, kuna giza kidogo, unanong'ona, unapewa sala zako, unatoka mwepesi. Dhambi inabaki mle ndani. Nimewaza mara nyingi juu ya mwanamke huyu, ambaye kanisani huja Krismasi tu na mara nyingine huchelewa, aliyejitengenezea kitubio kisicho na kimia wala giza, chini ya taa, na kinachoanza upya kila mgeni anapokaribia ukuta. Sijui kama ningeweza. Nadhani nisingeweza.

Siku ya Mtakatifu Yohane bwalo lilijaa. Meya alisema, mkoa ukasema, Dokta Fusaroli akasema kwa ufupi kuliko tulivyowahi kumsikia. Halafu Bi Nives akasimama mbele ya picha, amevaa gauni lake la bluu, mikono imeshikana, na akaeleza. Hakutafuta maneno ya kitaalamu. Alisema kulikuwa na joho la Tarabelli na yeye amelifuta, akitafuta uso ambao haukuwepo. Alisema alilirudisha kwa hila kwanza, kisha akaliondoa. Alisema wanachokiona sasa ni mistari, na waikaribie waione. Hakuna aliyekaribia. Kule nyuma mtu alikohoa, na kikohozi kile kilisikika kama matusi.

Primo ndiye aliyeuliza, kutoka mlangoni, kofia mkononi. "Kwa hiyo siku ile nilikuvulia wewe?"

"Ulinivulia mimi, Primo. Nisamehe."

Akaivaa kofia yake, akaondoka.

Kisha ikasikika sauti ambayo wengi hatukuwa tumeizoea, kwa sababu mwenye sauti hiyo hakuwa akisema hadharani. Bibi Ottavia Bentaccoli alikuwa amekaa safu ya mwisho, karibu na dirisha.

"Binti Scardovi, babu yangu hayumo humo?"

"Hayumo, Bibi. Hakuwahi kuwemo."

"Una hakika?"

"Nimefika mpaka mwisho, Bibi. Ndiyo hakika pekee niliyonayo."

Bibi Ottavia aliinama, tukadhani analia. Alikuwa akitafuta leso mkobani. Akaitoa, akaikunjua, akaitazama, akatutazama na sisi, wanaume wa meza za Primo mmoja baada ya mwingine, wamevaa suti zao za sikukuu. Hakuiweka usoni. Alifuta miwani yake, akairudisha leso mkobani.

"Nimefurahi," akasema, "na ninaona haya kufurahi, maana kitu kizuri kimeharibika. Lakini nimefurahi."

Ndugu wasomaji, wengi wenu mlikuwepo. Mnajua jinsi tulivyotoka bwaloni siku hiyo, bila kugusa mvinyo, kila mtu akijifanya ana haraka. Tangu siku hiyo Bibi Ottavia hupita kwa Primo na leso hazitoki mifukoni. Hatukumwomba radhi kwa maneno, na asali yake tunainunua bila kuangaliana machoni.

Ofisi ya mkoa ilimnyang'anya Bi Nives kibali, kama alivyoambiwa. Kwa miaka saba alitengeneza fremu za dhahabu na masanduku ya masalio ya watakatifu, na hakulalamika. Primo hakumpa kahawa mpaka majira ya kuvuna zabibu. Siku moja ya majira hayo alimwekea kikombe mezani bila salamu, akamwambia amemwandikia barua binti yake na bado hajajibiwa, kisha akarudi kufuta kaunta. Urafiki wao wa leo ulianzia hapo, ingawa wakiulizwa wote wawili hukataa kwamba ni marafiki.

Kibali kiliporudi, picha kubwa zilirudi, na mnazijua: ile ya Mtakatifu Rokus, ile dari ya ukumbi wa juu, na nyingine ambazo wataalamu wamekuja kuziona kutoka mbali. Mafundi vijana kumi na mmoja wamepita mikononi mwake. Kila mmoja, asubuhi ya kwanza kabla hajapewa aproni, alipelekwa bwaloni, akasimamishwa karibu kabisa na picha, na kuelezwa na Bi Nives mwenyewe. Hakuwahi kuwaambia kwamba hadithi ile iliishia vizuri, wala kwamba ukoo wa Bentaccoli ulisafishwa kwa sababu yake. Mimi niliwahi kumwambia labda Mungu aliutumia mkono wake kwa ajili ya Bibi Ottavia. Akanijibu, "Domenica, Mungu akitaka kumsafisha mtu hana haja ya kumwibia mwingine. Tarabelli nitamrudishia nini?"

Nimalizie na jambo la mwezi huu, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kuandika upya. Kibao cha maelezo kilicho kando ya picha kimechakaa, na Bi Elettra ameagiza kipya. Kile cha zamani kinasema joho lilifutwa kwa makosa katika karakana yetu, na Nives Scardovi, mwaka 1991. Bi Elettra, kwa moyo mwema kabisa, alitaka kumpa zawadi ya kustaafu. Alimwita ofisini, mimi nikiwepo, akamwambia kwamba makumbusho za siku hizi haziandiki majina ya mafundi, hivyo kibao kipya kitasema tu "kwa makosa," na jina litapumzika.

Bi Nives alishukuru, maana ni mtu wa adabu.

"Ukiniondoa pale, mwanangu," akasema, "nitakuwa nimefanya kazi wapi?"

Kibao kipya kilikuja jana. Jina lipo.

Bi Nives, kwa niaba ya walinzi, wafagiaji, mafundi na wakurugenzi wote uliowazika na uliowalea, tunakushukuru kwa watakatifu uliowaosha na kwa picha ulizozibeba kichwani. Tunakushukuru pia kwa siku ile ya Mtakatifu Yohane, ambayo hatukuweza kukushukuru siku yenyewe kwa sababu tulikuwa tunaona haya, na mpaka leo bado tunaona. Mungu akujalie miaka mingi ya kuamka bila haraka, afya, bustani yenye jua, na jirani wa kusemezana naye. Ishi vizuri, dada yetu. Na mgeni akiikaribia picha akauliza ile mistari ni ya nini, usiwe na wasiwasi: tutamwambia.

Domenica Ravaglia, mlinzi wa vyumba vya juu